Fantasy ya Desemba: panga benchi kabla hujauza mtu

Kwenye ligi ya marafiki ya Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambao unapanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani, Desemba ndipo msimamo unapovurugika. Mechi zinabanana, makocha wanabadilisha vikosi, na wengi hukimbilia kuuza wachezaji huku benchi likiwa halijaguswa.

Anza na benchi. Mchezaji wako asipocheza hata dakika moja, mfumo huingiza wa akiba kwa mpangilio uliouweka wewe, mradi kikosi kibaki na mabeki wasiopungua 3 na mshambuliaji angalau 1. Nafasi ya kwanza mpe anayeanza kila wiki, hata kama jina lake halivutii. Akikuletea pointi 2 tu, hizo ni za bure. Uhamisho wa ziada, yaani kubadilisha mchezaji zaidi ya idadi ya bure, hukukata pointi 4.

Nahodha msaidizi naye asichaguliwe ovyo ovyo. Anarithi kuhesabiwa pointi maradufu, kama nahodha, pale tu nahodha asipocheza kabisa. Nahodha akiingia dakika ya 89, msaidizi wako hata akifunga mabao matatu, hayazidishwi. Mimi humchagua kutoka timu tofauti na ya nahodha, maana mechi ikiahirishwa nisiwakose wote wawili.

Halafu mchungulie mpinzani aliye juu yako unayemfukuzia: bofya jina lake kwenye msimamo, utaona kikosi chake cha raundi iliyopita. Mkiwa na nyota walewale, pengo mtalipunguzia wapi? Nahodha tofauti ndiyo njia.

Na mwisho wa kubadilisha ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, hata kama timu unayoitegemea inacheza kesho yake.