Mtoto Anachelewa? Mkague Nyumbani Kabla ya Kwenda Hospitali ya Bombo

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanga. Nikipita Makorora au Duga, swali ni lilelile: "Dada, huyu mbona haongei?" Kabla sijajibu, bibi keshadakia: "Muacheni, baba yake naye alichelewa." Huenda ni kweli, ila haituzuii kumkagua.

Hatua ya 1: Umri

Chukua kadi ya kliniki, hesabu miezi. Kama ni njiti, toa wiki alizowahi. Aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi wiki 8, kwa hiyo akiwa na miezi 8 mtazame kama wa miezi 6. Fanya hivyo mpaka atimize miaka 2.

Hatua ya 2: Alama

Mpeleke akaonwe ikiwa miezi 3 hatabasamu ukimchekea, miezi 4 shingo haijakaza, miezi 9 hakai peke yake, miezi 18 hatembei au hana hata neno moja, miaka 2 haunganishi maneno mawili kama "mama maji". Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka naye aonwe. Msimsifu kuwa ni wa kushoto. Na aliyekuwa anasema au anakaa kisha akaacha, msingoje umri wowote: ni kesho asubuhi.

Maneno ya Kidigo aliyofunzwa na bibi yahesabuni pamoja na ya Kiswahili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Vigari vya magurudumu vya kumfundishia kutembea sivipendi hata kidogo. Kumfukia mchangani hadi kiunoni ili miguu ikaze, hilo nalo liacheni.

Hatua ya 3: Masikio

Hapa ndipo penye kazi. Watoto wengi wanaoitwa wazito wa kusema, kumbe hawasikii vizuri.

Usipige makofi: mtoto hugeukia upepo wa viganja. Usibamize mlango: sakafu inatikisika, anahisi kwa makalio. Zima televisheni, subiri bodaboda zipungue. Mtoto awe ameshiba, apakatwe na shangazi. Mtu wa pili akae mbele yake na kijiko au kikopo, amshughulishe kidogo, kisha akifiche. Hapo ndipo wewe, uliyesimama nyuma kwa pembeni, usawa wa sikio, karibu mita moja, utoe sauti.

Vua bangili. Angalia kivuli chako kisimtangulie. Na kama umejifukiza udi, mwachie mwingine kazi hiyo, maana mtoto atageukia harufu ya mama yake nawe utafurahi bure.

Sauti ziwe mbili: nyembamba, kama "sss" au karatasi ya pipi ikikunjwakunjwa, na nzito, kama "uuu" ya chini. Kila sikio mara tatu, ukipumzika katikati. Wapo wanaogeukia ile nzito na kuikosa nyembamba. Hawa ndio wanaoidanganya familia nzima: akiitwa kwa nguvu anageuka, lakini sauti kama s na f hazimfikii, basi maneno yanamjia nusunusu.

Njia hii inafaa kuanzia miezi 7 hivi hadi mwaka. Aliyezidi mwaka na nusu, funika mdomo kwa khanga umwambie, "Nipe kikombe," bila kukitazama kikombe chenyewe. Macho yako yasimwambie jibu.

Akifaulu yote na bado haongei, apimwe masikio hospitali vilevile. Kipimo hiki cha nyumbani hakimtoi mtu kwenye foleni. Akiwa anatoka usaha sikioni, anza na huo, na usimtie mafuta ya nazi.

Hatua ya 4: Video

Mrekodi kwa simu akicheza, akila, akijaribu kusimama. Mbele ya daktari atalia tu, na dakika moja ya video hueleza kuliko mama aliyechoka kusubiri.

Hatua ya 5: Kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya, omba barua ya rufaa kwenda Bombo. Beba kadi, na ueleze uzazi ulivyokuwa: alilia mara moja alipozaliwa? Alipata manjano kali? Degedege? Ukiambiwa "atakua tu" bila mtoto kuguswa, uliza arudi lini, tarehe iandikwe kwenye kadi. Mazoezi ya viungo yakianza, usiyasimamishe kungoja ugonjwa upatiwe jina.