Somo: Kuomba na kujiandaa kwa shahada ya uuguzi ya mkondo wa haraka nchini Marekani

Somo hili ni la ndugu zetu wenye shahada ya kwanza ya fani nyingine, iwe uhasibu, ualimu, sosholojia au kilimo, walioko Marekani au wanaopanga kwenda, na wanaotaka kuwa wauguzi waliosajiliwa (RN) bila kurudi darasani miaka minne. Mkondo huo hujulikana kama ABSN. Chuo Kikuu cha Saint Louis kiliuanza mwaka 1971, na leo unapatikana karibu kila pembe ya nchi. Muda wake wa kawaida ni kati ya miezi 11 na 18. Chuo Kikuu cha Creighton wanamaliza kwa mwaka mmoja. Masomo ya uuguzi ni yale yale anayosoma mtu wa miaka minne. Kilichoondolewa ni likizo, pamoja na masomo ya jumla ambayo shahada yako ya mwanzo imeshayafidia.

Niseme mapema ninachokiamini: mtu anafaulu au anakwama katika mkondo huu kwa sababu ya mwaka unaotangulia siku ya kwanza ya darasa. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye masomo ya awali, uchaguzi wa chuo na pesa, na mengine nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Tafsiri vyeti vyako

Kama shahada ni ya nyumbani, chuo kitataka tathmini ya kozi moja moja, inayoonyesha kila somo, saa zake za masomo (credits) na alama yake kwa mfumo wa Marekani. WES ni moja ya taasisi zinazofanya kazi hiyo, lakini usilipe kabla hujasoma chuo chako kinakubali tathmini ya nani. Kwa kawaida matokeo yanatakiwa yatoke chuoni kwako moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa au kwa mfumo wa kielektroniki. Hapa ndipo miezi inapotea. Mwombe mtu aliyeko nyumbani aende ofisi ya usajili mwenyewe, akae pale mpaka apewe jibu.

Angalia pia majina. Wengi wetu tuna majina matatu, na cheti kimoja kinaanza na la baba, kingine na la ukoo. Yasawazishe sasa, kwa hati ya kisheria ikibidi. Siku ya mtihani wa leseni, jina lililo kwenye kitambulisho lazima lifanane na ulilojisajili nalo, la sivyo huingii.

Hatua ya 2: Masomo ya awali

Orodha hutofautiana, ila mara nyingi utakuta anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili pamoja na maabara, mikrobiolojia na maabara, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi, na lishe. Vyuo vingi havipokei somo la sayansi lililopita miaka mitano au saba. Kwa hiyo hata aliyesoma baiolojia zamani anaweza kulazimika kurudia.

Yachukue kwenye chuo cha jamii kilicho karibu nawe. Ada ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, na alama zinahesabika. Kabla ya kujisajili, chagua vyuo vitano au sita unavyovitaka, chora jedwali, andika kila chuo kinadai somo gani, saa ngapi na alama gani ya chini. Kuna chuo kitakachokubali maabara ya mtandaoni na kingine kitakachoikataa. Kuna kitakachokuruhusu uombe huku somo moja au mawili bado yanaendelea, na kingine kinachotaka yote yawe yamekwisha. Jedwali hilo litakuokoa muhula mzima.

Usichukue fiziolojia na mikrobiolojia kwa pamoja huku unafanya kazi saa 40 kwa wiki ili tu uwahi. Alama za masomo haya ndizo kamati inazozitazama kwanza, na maarifa yake ndiyo utakayoyatumia kila siku. Asiyeelewa figo inavyochuja chumvi na maji hataelewa kwa nini mgonjwa wa moyo anapewa dawa ya kukojoa, wala kwa nini potasiamu yake inapimwa baadaye. Ndani ya mkondo wa haraka hakuna mwalimu atakayerudi kukufundisha figo.

Hatua ya 3: Chagua chuo kwa vigezo vinavyolipa

Kigezo cha kwanza ni idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo. Bila hiyo huwezi kukaa mtihani wa leseni. Cha pili ni ithibati ya CCNE au ACEN, taasisi zinazokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi, maana waajiri na shahada za juu huiulizia. Yahakiki yote mawili kwenye tovuti za bodi na za taasisi zenyewe, usitegemee maneno ya anayekusajili. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya shule tatu za Florida zilizohusishwa na vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600. Ukisikia mtu anakuahidi uuguzi bila wodi na bila mitihani, kimbia, hata kama ni mtu wa nyumbani.

Kisha uliza asilimia ya wanaofaulu NCLEX, yaani ule mtihani wa leseni, kwa mara ya kwanza, na papo hapo uliza ni wangapi kati ya walioanza walimaliza kwa wakati. Maswali haya mawili yaende pamoja. Chuo kinaweza kuonyesha ufaulu mzuri kwa sababu kiliwaacha njiani wengi waliokuwa wanayumba, na baadhi yao ni watu waliokopa pesa nyingi. Chuo kinachojali hakisiti kukupa namba zote mbili.

Kama nadharia inasomwa mtandaoni, ulizia wodi ziko mji gani. Mafunzo kwa vitendo lazima yafanyike ana kwa ana, na zamu ya saa 12 inayoanza kabla ya saa moja asubuhi haifai kwa mtu anayeendesha gari saa mbili kufika.

Hatua ya 4: Mtihani wa kuingia

Vyuo vingine vinataka TEAS, vingine HESI A2, vingine havitaki chochote. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209: kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza. Sayansi ina maswali 50, na fungu lake kubwa ni anatomia na fiziolojia, hivyo ufanye mara tu baada ya kumaliza masomo hayo, kichwa kikiwa bado na moto. Vyuo huweka kikomo cha mara unazoruhusiwa kuurudia. Kwa aliyesoma nje, chuo kinaweza pia kudai TOEFL au IELTS.

Hatua ya 5: Maombi yenyewe

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia NursingCAS, mahali pamoja ambapo unaingiza kila somo ulilowahi kusoma na alama yake. Usiache hata lile ulilofeli. Uhakiki wa taarifa unachukua wiki kadhaa, kwa hiyo siku ya mwisho iliyoandikwa isiwe siku yako ya kutuma.

Kwenye insha, acha kuandika kwamba unapenda kusaidia watu. Kila mwombaji ameandika hivyo. Andika ulichokiona muuguzi akikifanya, na kilivyokufanya uamini kazi hii unaiweza. Mhasibu aseme jinsi uangalifu wake wa tarakimu utakavyomlinda mgonjwa kwenye dozi. Aliyemuuguza mzazi nyumbani aeleze alichojifunza kuhusu vidonda vya kulala au kumlisha mtu asiyeweza kumeza vizuri. Anayefanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, ana mengi sana ya kusema, na kama hujawahi kuifanya, ifikirie: sheria ya shirikisho inataka mafunzo ya angalau saa 75, ingawa majimbo mengine yanataka zaidi. Utajua mapema kama unaweza kumwosha mtu mzima, kumgeuza kitandani na kumheshimu wakati huo huo.

Barua za mapendekezo ziombe kwa mwalimu wa sayansi na kwa msimamizi wa kazi. Mchungaji na shangazi wanakupenda, lakini kamati haitazihesabu barua zao.

Hatua ya 6: Pesa

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, ila ujue kwamba mwenye shahada ya kwanza hapati ruzuku ya Pell, hata kama shahada hiyo ni ya nyumbani. Kinachobaki ni mikopo ya shirikisho. Mwanafunzi anayejitegemea, kuanzia mwaka wa tatu wa masomo, hukopa hadi dola 12,500 kwa mwaka, na jumla ya maisha yake kwa ngazi ya shahada ya kwanza ni dola 57,500, ikihesabu na ulichokopa zamani. Ada za vyuo vingi binafsi zinapita kiwango hicho cha mwaka kwa mbali, na pengo huzibwa kwa mikopo ya benki yenye riba kali. Fanya hesabu hiyo kabla ya kulipa ada ya kushikilia nafasi.

Omba ufadhili wa Nurse Corps. Ufadhili huo hulipa ada na kukupa posho ya kila mwezi, nawe unafanya kazi angalau miaka miwili kwenye kituo chenye upungufu mkubwa wa wauguzi. Ni kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu, kwa hiyo waliokuja kwa green card wanaruhusiwa. Hospitali nyingine nazo hulipia wanafunzi kwa mkataba. Soma ukurasa unaosema utadaiwa nini ukiondoka mapema.

Hatua ya 7: Ukishapokelewa

Utahitaji cheti cha BLS (huduma ya msingi ya kuokoa uhai), uchunguzi wa rekodi ya jinai, kipimo cha dawa za kulevya, na uthibitisho wa chanjo za surua, matumbwitumbwi, rubela, tetekuwanga, homa ya ini B, pepopunda na kifaduro, pamoja na mafua ya msimu. Kadi ya kliniki ya utotoni ikiwa imepotea, kipimo cha damu cha kinga kinatosha kwa nyingi kati ya hizo. Homa ya ini B ndiyo ya kuanza nayo, maana dozi tatu za kawaida zinachukua miezi sita.

Wiki zilizobaki zitumie kwa hesabu za dozi, kwa sababu vyuo vingi vina mtihani wake unaotaka asilimia 90 au zaidi kabla hujagusa dawa. Mfano: mgonjwa ameandikiwa miligramu 375, na chupa ina miligramu 250 kwa kila mililita 5. Gawa 375 kwa 250, zidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Mwingine: mililita 1,000 za maji ya mshipani kwa saa 8, mpira wa matone 15 kwa mililita. Saa 8 ni dakika 480. 1,000 mara 15 gawa kwa 480 ni 31.25, yaani matone 31 kwa dakika. Fanya mpaka mkono uzoee.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nina shahada ya biashara, GPA (wastani wa alama) ikitafsiriwa inatoka 2.7. Nikate tamaa?*

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Vyuo vingi vinataka 3.0, lakini vipo vinavyotazama saa 60 za mwisho za masomo (credits), au wastani wa masomo ya awali peke yake. Pata A kwenye anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, kisha omba huko. Waandikie uwaulize wanahesabuje kabla ya kulipa ada ya maombi.

*Mimi ni nesi mwenye diploma na leseni ya nyumbani. Nianze ABSN nikifika?*

Usianze, tafadhali. Wewe tayari ni muuguzi. Njia yako ni tathmini ya vyeti vya uuguzi, kwa mfano kupitia TruMerit (zamani CGFNS), kufuata masharti ya bodi ya jimbo, kisha NCLEX-RN. Baadaye ukitaka shahada kuna mkondo wa RN kwenda BSN, unaosomwa huku unafanya kazi.

*Nilichanjwa BCG, na kipimo cha TB cha ngozi kimevimba. Nimeharibikiwa?*

Pole, wala usiogope. BCG inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kitoe jibu la uongo. Omba kipimo cha damu cha aina ya IGRA, ambacho hakivurugwi na BCG. Nacho kikisema una maambukizi, utapigwa picha ya kifua. Ikiwa safi na huna dalili, huambukizi mtu, na daktari atazungumza nawe kuhusu dawa za kuzuia. Lifanye mapema, lisikukute wiki ya kuingia wodini.

*Nina watoto wawili na mume anafanya zamu za usiku. Naweza kufanya kazi huku nasoma?*

Dada, kazi ya muda wote sikushauri kabisa, na vyuo vingi navyo vitakuambia hivyo. Zamu moja ya wikendi wapo wanaoiweza. Kumbuka ukifeli somo moja, mara nyingi unasubiri kundi linalofuata lifike pale, na mkopo unaendelea kukungoja. Kama nyumbani hakuna wa kubaki na watoto saa kumi na moja alfajiri, tazama shahada ndogo ya uuguzi, ADN, kwenye chuo cha jamii. Ni takribani miaka miwili, ada ni nafuu zaidi, na mtihani wa leseni ni ule ule wa NCLEX-RN. Hospitali kubwa nyingine zinapendelea BSN, lakini unaweza kuimalizia ukiwa tayari unalipwa kama RN.

*Kaka yangu yuko Nairobi, atakuja kwa visa ya mwanafunzi, F-1. Somo hili linamhusu?*

Linamhusu, kwa tahadhari. Achague vyuo vinavyotamka wazi kwamba vinapokea wanafunzi wa F-1 kwenye ABSN, kwa kuwa si vyote. Hana mikopo ya shirikisho wala Nurse Corps, na wakati wa masomo kazi yake ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Akihitimu anapata OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake, ya miezi 12, na ndani yake lazima apate leseni na mwajiri aliye tayari kumdhamini. Amuulize kila mwajiri swali la udhamini kwenye simu ya kwanza.