Saa imepinda au ndo ilivyozaliwa? Namna ya kukagua kasha la saa ya bei mbaya kabla hujatoa hela

Mtu anakutumia picha ya Omega Speedmaster ya mtumba, unaivuta kwenye simu, unaona upande wa kulia una nyama nyingi kuliko wa kushoto, unamjibu "hii feki kaka" na mjadala unaishia hapo. Kumbe ilitoka kiwandani hivyohivyo. Halafu kesho unakutana na nyingine inang'aa vizuri, kona zote zimelainika, unalipa bei kamili, na ile ndo imepigwa polishi mpaka imekonda.

Kwa hiyo ukiona kasha halijalingana jiulize kwanza nani kalifanya hivyo: aliyelichora, fundi wa polishi, au mtengeneza feki. Hao watatu kila mmoja anaacha alama yake na ukizijua unazisoma bila shida.

Tuelewane majina maana kila fundi ana yake. Ule mwili wa chuma unaobeba uso na mashine ndo kasha, kile kidude cha pembeni cha kutia ufunguo na kurekebisha saa nakiita kichwa, zile nne zinazoshika mkanda ni pembe, pete ya juu inayozunguka kioo ni bezeli, na zile nundu mbili za chuma zinazokinga kichwa juu na chini naziita mabega. Na nikisema upande wa namba 3 namaanisha 3 iliyoandikwa kwenye uso wa saa, usiniletee saa tisa yetu hapa tutachanganyana.

Picha kwanza

Malalamiko mengi yanaishia hapa. Simu ukiisogeza karibu sana lenzi inanenepesha kile kilicho karibu nayo, na ukiishika imeinama kidogo tu basi pembe mbili zinakuwa nene na mbili nyembamba, hata kama saa imetoka dukani leo. Rudi nyuma kama nusu mita, weka zumu ya 2 au 3, washa ile gridi ya kamera, mstari mmoja upite 12 na 6, mwingine upite 3 na 9. Cheni nayo ina matatizo yake, saa yenye cheni ukiilaza mezani inaegemea kufuli lake na kasha linalala upande, kwa hiyo kunja kitaulo kidogo ukiingize katikati ya cheni mpaka kioo kitazame juu sawasawa. Muuzaji akiwa mbali mwambie afanye hivyohivyo, picha tatu tu: ya juu, ya ubavu wa kichwa na ya ubavu wa pili. Akianza kuzungukazunguka na maneno ushapata jibu lako.

Linganisha juu na chini

Hapa ndo penyewe. Saa nyingi za kifahari zenye upande mmoja mnene zinatofautiana kushoto na kulia, kwa sababu kichwa kiko upande mmoja na kinahitaji kinga. Lakini ukipitisha mstari kutoka 3 kwenda 9, nusu ya juu na nusu ya chini zinatakiwa zifanane. Sasa wengi wanapima pembe ya kushoto na ya kulia, wanapata tofauti, wanadhani wamegundua kitu. Wewe pima kulia juu na kulia chini, kisha kushoto juu na kushoto chini. Tumia kalipa ya digito, kile kipimo chenye meno mawili ya kubana kitu, bandika selotepu kwenye meno yake usije ukaikwaruza saa ya watu, pima upana wa pembe karibu na ncha na unene wake kutoka juu hadi chini. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye saa ya miaka ya 60 iache ipite, makasha yale yalimaliziwa kwa mkono. Ikifika nusu milimita basi kuna pembe imeliwa.

Zipo zinazovunja kanuni hii, mfano Omega Seamaster Diver 300M ina vali ya heliamu (kitundu cha kutolea gesi hiyo kwa wazamiaji) upande wa namba 10, nundu ile haina mwenzake popote na ni halali kabisa.

Zilizozaliwa hivyo

Turudi kwa Speedmaster. Ya kwanza ilitoka 1957 ikiwa imenyooka pande zote mbili, na mwanaanga Ed White alipotoka nje ya chombo cha Gemini 4 tarehe 3 Juni 1965 alivaa modeli 105.003 ambayo nayo imenyooka. Ni kwenye 105.012, katikati ya miaka hiyohiyo ya 60, ndo Omega wakajaza chuma upande wa kulia ili kichwa na vile vitufe viwili vya kronografu (sehemu ya kupima muda kama stopwochi) visigongwe, na usoni likaongezwa neno Professional. Umbo hilo ndo lililofika mwezini 1969. Ile milimita 42 inayotajwa imehesabu na hiyo nundu, kwa hiyo ukipima bezeli peke yake ukapata ndogo zaidi usipige kelele. Halafu 2020 Omega wakarudisha kasha lililonyooka la milimita 39.7 kwenye ile yenye mashine ya Calibre 321, yaani leo unaweza ukakuta Speedmaster mbili mpya, moja ina nundu na moja haina, zote orijino. Unachotafuta wewe ni namba ya modeli ikubaliane na umbo. Mtu akikwambia hii ni 105.003 na upande wa kulia umevimba, mrudishie picha yake.

Rolex Submariner ilipata mabega 1959 na modeli 5512. Ya mwanzo yalikuwa ya mraba, yakaja yaliyochongoka, baadaye yakawa ya mviringo mpaka leo. Yaliyochongoka yanatafutwa sana na yana bei yake, kwa hiyo wapo wanaoyachonga ya mviringo yafanane nayo, na hapo utakuta bega limekonda na pengo kati yake na kichwa halilingani juu na chini. Tena kanuni ileile ya juu na chini inakuokoa.

Kichwa kuwa kushoto pia siyo dalili ya feki. Mwaka 2022 Rolex walitoa GMT-Master II ya bezeli kijani na nyeusi yenye kichwa kushoto na dirisha la tarehe nalo likahamia kushoto. Heuer Monaco ya 1969 kichwa kiko kushoto na vitufe viko kulia, sababu mashine yake ya Calibre 11 ilijengwa kwa kupachika moduli ya kronografu juu ya mashine nyingine ya kujijaza yenyewe, na walivyozipanga kichwa kikaangukia upande ule, halafu wakajisifia kwamba saa hii haihitaji kutiwa ufunguo kila siku kwa hiyo kichwa hakina haja ya kukaa karibu na kidole. Mimi nawapenda kwa hilo, wameigeuza shida kuwa tangazo. Monaco za siku hizi zenye mashine ya Heuer 02 kichwa kimerudi kulia, kwa hiyo usiseme "Monaco lazima iwe kushoto", uliza ni mashine gani.

Panerai Luminor nayo ina daraja kubwa la chuma linalokinga kichwa, na ndo ilivyozaliwa.

Skrubu zilizonyooka na zilizopinda

Hapa feki nyingi zinaumbuka. Audemars Piguet Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta na kutoka 1972, ina bezeli ya pembe nane yenye vichwa 8 vinavyoonekana kama skrubu. Angalia mifereji yake, yote inafuata mzunguko wa bezeli, hakuna hata mmoja uliokaa shelabela. Ni hivyo kwa sababu vile siyo skrubu za kuzungushwa kutoka juu. Ni bolti zenye kichwa cha pembe sita kilichokaa ndani ya tundu la pembe sita, haziwezi kuzunguka hata ukitaka, na zinakazwa kwa nyuma. Kwa hiyo ukiletewa Royal Oak mfereji mmoja unatazama mashariki na mwingine kusini, funga mazungumzo. Vilevile ukiona alama za bisibisi juu ya vile vichwa ujue kuna mtu alijaribu kufungulia pasipofunguliwa.

Sasa chukua akili hiyo uipeleke kwa Hublot Big Bang, utakosea. Bezeli yake ina skrubu 6 zenye alama ya H na zile ni skrubu kweli, zinakazwa mpaka zishike na zinasimama popote zinaposimamia, kwa hiyo H kulala ovyoovyo ni kawaida. Watu wanalipa hela ndefu halafu wanalalamika H hazijanyooka, mi nawaelewa ila ndo saa waliyonunua.

Na IWC Ingenieur SL ya 1976, modeli 1832, nayo ya Genta, bezeli nzima ndo inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko, ina vitundu vitano, na vitundu hivyo vinaishia mahali tofauti kwenye kila saa. Toleo la 2023 IWC wakaweka skrubu tano ili vikae palepale kila mara. Ya zamani yenye vitundu vilivyopangika safi kuzunguka 12 inawezekana ni bahati tu, ila ya 2023 vikipinda uliza maswali.

Alama za polishi

Hapa weka simu chini uchukue lenzi ya fundi ya mara 10. Tafuta ule mstari ambapo sehemu ya juu yenye mistari ya msasa inakutana na ubavu unaong'aa kama kioo. Kwenye kasha lisiloguswa mstari huo ni mkali na unakwenda sawa kutoka mwanzo wa pembe mpaka ncha. Polishi ikishapita mara kadhaa kona zinayeyuka kama sabuni iliyotumika, na kwa vile mkono wa fundi haukandamizi sawa kila mahali, pembe moja inaisha kabla ya nyingine. Angalia pia matundu ya pini za mkanda kwenye pembe za saa za zamani zilizotobolewa mpaka nje, yakiwa yamesogea karibu na ukingo, au midomo yake imetanuka, ujue chuma kimeondoka. Kwenye dhahabu geuza saa uangalie nyuma ya pembe, zile za Uswisi kuanzia 1995 zina kichwa kidogo cha mbwa aina ya St Bernard, na kama mbwa kabaki kivuli hakuna haja ya kuuliza imepolishiwa mara ngapi.

Siku hizi kuna mafundi wanaongeza chuma kwa leza halafu wanachonga kona upya, na wengine wanafanya kazi nzuri sana. Haina ubaya kama umeambiwa na bei imeshuka.

Zile zilizopinda zote

Cartier Crash ya London, 1967, haina mstari hata mmoja wa kulinganisha. Hadithi kwamba ilitokana na saa iliyoungua kwenye ajali ya gari ni tamu lakini siyo kweli, ilichorwa makusudi na Jean-Jacques Cartier na mchoraji wake Rupert Emmerson. Ya 1967 iliuzwa mnadani 2022 kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Kalipa haikusaidii hapo, unachofanya ni kufuata ukingo wa kasha na namba za usoni kwa pamoja, namba zinatakiwa zijivute na kujibana zikifuata kasha linavyokwenda. Feki nyingi wanapata kasha halafu uso unawashinda. Tank Asymétrique ya 1936 na Vacheron Constantin American 1921 ni rahisi zaidi, uso umegeuzwa na 12 imesogezwa kwenye kona ya kulia, ila kasha la American 1921 bado unaweza kulipima, la Asymétrique lenyewe limeinama upande.

Ukishanunua, andika vipimo vya pembe zote nne kwenye simu yako pamoja na zile picha tatu. Siku ukiipeleka sevisi mwambie fundi asipige polishi na hakikisha ameandika hivyo kwenye risiti, maana wengi wanapolishi kwa nia njema ili ufurahi ukija kuichukua. Ukiipokea pima palepale kaunta kabla hujalipa.