Kuiga mwendo wa mwatiko kizimbani kwa kompyuta

Kabla hujafungua kompyuta, kaa juu ya kizimba, yaani tundu la wavu la kufugia samaki baharini, asubuhi nzima. Mie nilikaa kwenye cha ami yangu huku Pemba: mita 5 kwa 5, ndani samaki 300 aina ya mwatiko, wa sentimita 20 hivi. Nilimchagua mmoja aliyechanika mkia, nikamhesabia: kila mzunguko dakika moja na sekunde chache. Namba hiyo iandike, utaihitaji.

Kwenye programu (natumia lugha ya Python) kila samaki ana mambo mawili tu: yuko wapi na anaelekea wapi. Mwendo wake ni urefu wa mwili wake kwa sekunde. Kanuni ni tatu, zile alizozieleza mtaalamu wa michoro ya kompyuta Craig Reynolds mwaka 1987: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usiachwe nyuma. Mie huanza na sentimita 20 za kukwepa, 60 za kufuata uelekeo, na mita 1.5 za kuvutwa na wenzake. Kila hatua ni sehemu ya kumi ya sekunde, na uelekeo uuyumbishe kidogo kwa namba nasibu.

Kisha wavu. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliujumlisha na majirani kwa uzito sawa, samaki wote wakarundikana kwenye pembe moja, wasitoke. Wavu haujumlishwi, unatangulizwa. Samaki akifika sentimita 50 kutoka wavuni, majirani wasahau kwanza. Mgeuze aambae na wavu, kwa upande ulio karibu zaidi na uelekeo wake. Nilipofanya hivyo duara likajitokeza lenyewe, wala sikuliandika popote! Lilikuwa na upana wa mita 4 hivi, na kwa mwendo ule mzunguko mmoja ni sekunde 63, sawa na ile namba niliyoihesabu kizimbani. Nikamwita ami aje aone. Akatazama kimya, kisha akasema, "Ndo hawa wetu."

Lakini siku za bamvua, maji yakivuta, mwatiko wetu waliacha kuzunguka, wakaukabili mkondo, wakibaki pale pale. Salmoni wa vizimba vya Norwei nao hufanya vivyo hivyo. Basi mkondo uongeze kwenye kila hatua, na ukifikia mwendo wa samaki, mgeuze aukabili. Kuupima ni rahisi: siku isiyo na upepo, tupa kipande cha kumbi nje ya wavu, uhesabu. Kikizipita mita 5 za kizimba kwa sekunde 25 au pungufu, kanuni hiyo ishike.