Ramani mpya ya simu: ipime mtaani kwako kwanza

Ukipakua ramani mpya, usiipeleke safari moja kwa moja. Kwanza iambie itafute sehemu tatu unazozijua kama kiganja chako: duka la jirani, zahanati, kona ya kwenu. Ikikosea hapo, itakukosesha na kwingine.

Moshi mjini ramani karibu zote zinapendeza. Mnara wa saa upo, soko lipo, na mgeni aliyeshuka stendi anasifia papo hapo. Ngoma iko juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro: Kibosho, Uru, Machame. Kule vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya Wachagga, mstari mwembamba kwenye ramani unaweza kuwa barabara, kichochoro cha migombani, au hata mfereji wa maji. Mimi nilipelekwa hadi ukingo wa korongo; daraja lenyewe magogo mawili. Mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe akacheka: "Baba, huku hata pikipiki inasukumwa!"

Siku hizi nabadilisha nione picha ya satelaiti. Barabara ya gari huonekana kama utepe wa udongo. Ikipotelea chini ya migomba, naiacha. Eneo zima nalipakua nyumbani kwenye waifai, maana GPS haihitaji bando, ila ramani isiyopakuliwa itakuachia kidoa cha buluu juu ya ukurasa mtupu.

Na ukimuuliza bodaboda, usiseme "hii njia inakwenda Materuni?", kijiji cha huko Uru. Atakujibu ndiyo, na hajadanganya. Uliza: "Gari ndogo inapita, na mvua ya jana?"