Kwenye meli ya utalii, weka amana ya taslimu badala ya kadi ya debiti

Tumeshuka juzi kutoka safari ya siku saba ya Karibiani, na hili ningependa sana kuambiwa mapema: siku ya kupanda, usiandikishe kadi ya debiti kwenye akaunti ya chumba. Nenda kaunta ya mapokezi, weka amana ya taslimu. Kwa kawaida baa na maduka ya melini hayapokei noti. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba. Ukiwa umeunganisha debiti, meli huiomba benki izuie kiasi fulani, mara nyingi kila siku. Pesa ni zako lakini huzigusi, na zinaweza kubaki zimezuiwa siku kadhaa baada ya kushuka, hata kama bili imeshalipwa. Kodi ya nyumba ikifika hapo katikati, utahangaika. Kadi ya mkopo inavumilika, maana kinachozuiwa ni kikomo cha mkopo, si mshahara.

Ukipiga hesabu ya amana, kumbuka bahashishi ya wahudumu: meli nyingi huikata humo humo, kila siku, kwa kila kichwa, watoto pia. Vinywaji vya baa navyo mara nyingi huongezwa ada ya huduma. Soma risiti kabla ya kusaini. Ule mstari mtupu wa chini ni wa kuongeza bahashishi nyingine ukipenda tu.

Amana ikiisha, kadi ya chumba inagoma mpaka uongeze. Na bili ikague jioni ya mwisho, kwa sababu asubuhi ya kushuka foleni ya mapokezi ni ndefu mno.