Chagua protini moja ya ubongo, kisha uifuate: mwongozo kwa mtafiti anayeanza

Wanafunzi wanaoniandikia karibu wote huanza na sentensi ileile: wanataka kuuelewa ubongo. Huwa nawauliza, protini ipi? Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na ndani ya kila seli mna maelfu ya aina za protini zinazojengwa, kukunjwa, kurekebishwa na kuvunjwa saa zote. Huwezi kuingia kwa milango yote hiyo. Mimi niliingia kwa protini iitwayo tau, na karibu kila ninachokijua kuhusu neva nimekijua kwa kuifuata hiyo kila ilikonipeleka.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua. Tafuta protini ambayo kazi yake katika seli yenye afya unaweza kuieleza kwa sentensi moja. Tau ilitambuliwa mwaka 1975 kuwa ni protini inayosaidia mikrotubuli kujijenga. Mikrotubuli ni vijibomba vyembamba vinavyopita ndani ya aksoni, ule mkono mrefu wa seli ya neva, na juu yake ndipo mizigo ya seli husafirishwa. Ukishajua kazi ya kawaida, unaweza kuuliza mambo yanaharibika vipi. Wengi huanza na ugonjwa, wakarundika orodha ya vitu vilivyopanda na vilivyoshuka, wasijue kipi kilianza.

Halafu angalia kama protini hiyo ina swali litakaloendelea kuishi baada ya tasnifu yako. Alois Alzheimer, daktari Mjerumani ambaye ugonjwa wa Alzheimer umepewa jina lake, alieleza mafundo aliyoyaona ndani ya seli za ubongo wa mgonjwa wake mwaka 1906. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1980 ndipo ikajulikana kwamba mafundo yale yamefumwa kwa tau. Mwaka 1998 familia zenye aina fulani ya kurithiwa ya dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili, zilikutwa na mabadiliko katika jeni ya tau yenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge waligandisha nyuzi za tau zilizotoka kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, wakazitazama kwa hadubini ya elektroni, na tukaona kwa mara ya kwanza jinsi zilivyokunjwa, karibu atomu kwa atomu. Baadaye nyuzi za ugonjwa wa Pick, aina nyingine ya dimenshia, zikatazamwa vilevile: protini ni ileile, mkunjo ni mwingine. Kwa nini tau ijikunje hivi katika ubongo huu na vile katika ubongo ule? Hilo ndilo swali linaloniamsha asubuhi, na lina nafasi ya watu wengi.

Kuhusu masomo nitasema kwa ufupi. Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya biokemia, famasia, udaktari, hata fizikia. Roderick MacKinnon alisomea udaktari, na ni baada ya hapo alipojifunza mbinu ya kuona maumbo ya protini kwa eksirei. Mwaka 1998 alichapisha umbo la mlango wa potasiamu, protini inayopitisha chembe hizo kwenye utando wa seli, na mwaka 2003 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Peter Agre. Usikimbie kemia. Ukishindwa kueleza bafa (kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kubadilika) hufanya nini, au kwa nini protini mbili hushikana kwa nguvu fulani na si nyingine, utafuata maelekezo ya wengine bila kujua hatua ipi inaweza kubadilishwa. Ongeza takwimu, na lugha moja ya programu kama Python au R.

Mchagua jembe si mkulima, na asiyetaka kuanza mpaka apate maabara yenye kila mashine hataanza. Kazi ya mwanzo hufanyika kwenye kompyuta yoyote yenye intaneti. Benki ya data ya maumbo ya protini, iliyoanza mwaka 1971, iko wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wangu wapya mimi huwapa zoezi hili: fungua UniProt, hazina ya mtandaoni ya taarifa za protini, tafuta tau ya binadamu kwa namba P10636, kisha uniambie ina asidi amino ngapi. Watakuja na jibu la 758, kwa sababu hiyo ndiyo aina ndefu iliyowekwa juu ya ukurasa. Lakini ubongo wa mtu mzima una aina sita za tau, fupi yenye asidi amino 352 na ndefu yenye 441, na makala nyingi huhesabu nafasi kwa kufuata ile ya 441. Asiyelijua hilo atatafuta serini (mojawapo ya asidi amino) namba 202 mahali ambapo haipo. Kisha nawapeleka kwenye umbo lililokisiwa na AlphaFold, programu iliyochangia Nobel ya Kemia ya mwaka 2024. Sehemu kubwa ya tau huonekana pale kama uzi uliozagaa, na programu yenyewe inaonyesha kwamba haina hakika. Hiyo ni habari njema kwa mwanafunzi makini, maana tau ikiwa huru haina umbo moja la kudumu.

Msimamizi wa uzamivu mchague kwa uangalifu kuliko unavyochagua chuo. Zungumza na waliotoka kwenye maabara yake, hasa walioondoka bila kumaliza. Uliza ni nani huandika makala, nani huwekwa jina la kwanza, na matokeo yanayopinga wazo la mkuu hupokelewaje. Omba kuona data ghafi ya mchoro mmoja uliochapishwa. Maabara nzuri itakufungulia faili siku hiyohiyo, tena kwa furaha. Mimi huwafungulia wote wanaoomba, na anayeomba huwa nimeshampenda kabla hatujamaliza mazungumzo.

Sasa tuje mezani, mahali ambapo sifa yako itajengwa au itabomoka. Protini za ubongo hubadilika haraka mno baada ya kifo. Tau hubeba alama za fosfati kwenye nafasi nyingi, na alama hizo ndizo tunazozipima. Lakini vimeng'enya vya kuziondoa vinaendelea kufanya kazi hata moyo ukishasimama. Kwa hiyo bafa yenye vizuizi vya vimeng'enya iwe tayari kwenye barafu kabla ya kumgusa mnyama, na tishu igandishwe ndani ya dakika chache. Kwetu kila kichupa huandikwa tarehe, jina la aliyekishika, na dakika zilizopita tangu kifo hadi kugandisha. Andika pia jinsi mnyama alivyolazwa usingizi. Dawa ya nusukaputi hushusha joto la mwili wa panya, na baridi hiyo hudhoofisha vimeng'enya vinavyoondoa fosfati, hivyo alama kwenye tau hupanda sana. Kundi moja likilazwa kwa dawa na jingine lisilazwe, unaweza kutangaza ugunduzi ambao ni baridi tu. Kuna makala nisizoziamini kwa sababu mstari huo mmoja haukuandikwa.

Mbinu utakayoifanya mara nyingi kuliko zote ni westan bloti: unatenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, unazihamishia kwenye utando, kisha unaitambua yako kwa kingamwili, yaani protini ya kinga iliyotengenezwa kuishika protini hiyo. Kila protini ina tabia zake mezani, na lazima uzisomee. Protini nyingi ukizichemsha huganda zikaanguka chini. Tau hubaki kwenye maji, na ndiyo njia ya zamani ya kuisafisha. Alfa-sinuklini, protini ya ugonjwa wa Parkinson, ni ndogo na hunawika kutoka kwenye utando, kwa hiyo wengi huukazia kwanza kwa paraformaldehidi. Protini zinazopita mara nyingi kwenye utando wa seli usizichemshe kabisa, zitashikamana ziwe bonge lisiloingia kwenye jeli.

Halafu usiamini kingamwili yoyote kwa sababu imenunuliwa ghali. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea picha yenye mstari safi sana kwenye kilodaltoni 50 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), eneo ambalo tau hutarajiwa. Nikamwomba aweke kando yake sampuli ya panya asiye na jeni ya tau. Panya hao wapo tangu mwaka 1994, na wanaishi. Mstari ukabaki palepale. Tulichokuwa tunakiona ni kingamwili za panya mwenyewe zilizomo kwenye damu iliyobaki katika ubongo: mnyororo wao mzito, kipande kikubwa cha kingamwili, una takriban kilodaltoni 50, na kingamwili yetu ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili mstari uonekane, ilitengenezwa kukamata kingamwili za panya, hivyo ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Tulibadilisha kingamwili ya pili, mstari ukatoweka kwa panya asiye na tau na ukabaki kwa mwenye tau. Siku ile tulifurahi kuliko siku nyingi za kuchapishwa. Basi sampuli ya asiye na protini iwe kwenye kila jeli yako muhimu, na kwa alama za fosfati weka nyingine iliyopitishwa kwenye fosfatesi, kimeng'enya kinachoondoa fosfati. Alama ikibaki baada ya fosfati kuondolewa, unapima kitu kingine.

Ipo siku utashika tishu ya binadamu. Ilitolewa na mtu aliyetia saini akiwa hai, au na familia iliyokubali katika saa ngumu. Sipendi kusikia ikiitwa "mali" ya maabara. Panga jaribio kwanza kwenye seli au kwa panya, hesabu ni miligramu ngapi zinahitajika, na usiyeyushe kipande ambacho hujui utakifanyia nini. Ruhusa ya kamati ya maadili iwe mkononi kabla ya kuomba sampuli, kwa binadamu na kwa wanyama pia.

Kuandika: anza na michoro, kisha maelezo chini yake, kisha matokeo. Makala iweke kwenye bioRxiv, tovuti ya makala ambazo bado hazijapitiwa na jarida, kabla ya jarida, wenzako waione mapema. Maombi ya ruzuku yaandike kwa swali moja, na umwombe mtu asiye wa fani ayasome. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanzishwa mwaka 1961, huendesha kozi na kusaidia watafiti chipukizi. Fuatilia nafasi zake kila mwaka.

Sehemu ngumu ni kubaki. Kwa miaka mingi wengi waliiona tau kuwa ni jivu tu lililoachwa na ugonjwa, na fedha zikaelekea kwa amiloidi, protini nyingine inayorundikana katika ubongo wa Alzheimer. Walioendelea nayo ndio waliokuwa tayari, wakiwa na mbinu na sampuli, mabadiliko ya jeni yake yalipofichuliwa mwaka 1998. Tangu hapo kingamwili kadhaa dhidi ya tau zimejaribiwa kwa wagonjwa bila kuzuia ugonjwa, na kila mara baadhi ya watu huhama. Kabla ya kuhama, soma jaribio lenyewe: kingamwili ilishika sehemu gani ya protini, iliingia ubongoni kwa kiasi gani, wagonjwa walikuwa katika hatua ipi? Jaribio lililoshindwa huwa limejibu swali moja mahususi. Swali hilo likiwa si lako, endelea na kazi. Likiwa lako, badilisha wazo, ubaki na protini.

Na tangu mwaka wa kwanza andaa makabidhiano. Plasmidi, vile viduara vya DNA vinavyobeba jeni unayoifanyia kazi, zipeleke kwenye hazina ya pamoja, mpangilio wake ukiwa umesomwa upya na kuthibitishwa. Orodha ya friza ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri iwe kwenye faili ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua bila nywila yako. Daftari liandikwe kwa lugha ambayo mgeni ataielewa: namba ya toleo la kingamwili, joto la chumba, hata jaribio lililokataa na unachodhani kilisababisha. Kila mwanafunzi anayeondoka kwangu hukaa na anayeingia, na anayeingia hulirudia jaribio moja la mwenzake mwanzo hadi mwisho kwa kufuata daftari peke yake. Likikubali, tunatia saini ukurasa huo wote watatu.